Mama Rebecca, mke wa kanali aliyelea watoto safarini

KILA ifikapo Julai 30 biashara hapa Gurei huwa ya nusu siku. Ni Siku ya Mashujaa, siku aliyofariki Dkt John Garang mwaka 2005, na sisi wenye vibanda vya maharage, unga na mafuta ya kupikia yatokayo Uganda hufunga mapema, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu wateja wenyewe hawaji.

Mara ya mwisho nilikuwa nikiteremsha dirisha la mbao la kibanda changu wakati jirani yangu alipokuja kuketi juu ya kreti ya soda, kama afanyavyo siku zote. Ni mama wa umri wa karibu miaka 70, mjane wa ofisa wa SPLA. Hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Kapteni tu, kuanzia kwa watoto hadi kwa vijana wa bodaboda. Kiswahili chake ni cha Kakuma, kama changu.

Redio ilikuwa ikieleza habari za ibada ya siku hiyo, ikamtaja Mama Rebecca Nyandeng. Mama Kapteni akatikisa kichwa.

"Yule ni mke mwenzangu," akasema.

Nikaacha dirisha likining'inia. Akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Unashtuka nini, binti yangu? Mume wetu ni mmoja. Sisi sote tuliolewa na jeshi."

Maneno hayo yamenikaa kichwani tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Vijana wengi waliorejea kutoka Kenya na Uganda wanamfahamu Rebecca Nyandeng kama mwanasiasa tu, yule mama aliyeapishwa Februari 22, 2020 kuwa mmoja wa makamu watano wa Rais wa Sudan Kusini. Wenye umri mkubwa kidogo wanamfahamu kama mjane wa Garang. Lakini kabla ya kuwa mjane, na kabla ya kuwa kiongozi, alikuwa kwa zaidi ya robo karne mke wa ofisa wa jeshi na mama wa watoto sita. Kazi hiyo haina mshahara wala cheo, na wanaoijua vizuri hapa Gurei ni wengi kuliko tunavyodhani.

Nyandeng alizaliwa mwaka 1956, katika jamii ya Wadinka wa upande wa Bor. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1955, askari wa kusini walikuwa wameasi kule Torit. Kwa hiyo ni mtu aliyezaliwa vita vikiwa vimekwisha kubisha hodi, na akakua navyo. Alipokuwa binti wa miaka 15 hivi, Machi 1972, serikali ya Jaafar Nimeiri na waasi wa Anya-Nya walitiliana saini mkataba wa Addis Ababa. Wapiganaji wapatao 6,000 wa Anya-Nya wakaingizwa katika jeshi la taifa. Mmoja wao alikuwa kijana msomi aliyekuwa amepita sekondari ya Magamba kule Lushoto, Tanzania, kisha chuo cha Grinnell nchini Marekani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyo ndiye John Garang de Mabior. Kwa hesabu za wakati ule, kumpata ofisa mwenye digrii katika miaka ile ya amani ilikuwa ni kumpata mume wa uhakika. Mshahara ulikuwapo, nyumba ilikuwapo, na vita vilikuwa vimekwisha.

Kwa mila za Wadinka, jina la mtu humwambia msikilizaji ni mtoto wa nani. Mabior ni baba yake Garang. Nyandeng akalibeba jina hilo, na mtoto wao wa kiume wa kwanza wakamwita Mabior pia, jina la babu yake. Mama Kapteni aliponieleza jambo hili alikuwa akihesabu vidole: baba mkwe, mume, mtoto. "Mwanamke ni kamba," alisema, "anafunga hawa na wale." Hakusema kamba yenyewe hufungwa na nani.

Maisha ya mke wa ofisa ni ya kufunga mizigo. Garang alipelekwa Marekani kwa mafunzo ya maofisa wa askari wa miguu huko Fort Benning, jimbo la Georgia, kisha akarudi tena kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kusomea udaktari wa falsafa. Safari hiyo ya pili alikuwa na mkewe. Mji wa Ames, iliko Iowa State, una baridi ya theluji na mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Mume alikuwa akiandika juu ya Mfereji wa Jonglei, ule ulioanza kuchimbwa mwaka 1978 kupitia nchi ya Wadinka wenyewe ili maji ya Nile yasipotelee kwenye vinamasi vya Sudd. Mke alikuwa na watoto wadogo ugenini, mbali na mama, shangazi na mawifi ambao kwetu ndio hulea. Shahada ilipatikana mwaka 1981, na kwenye cheti kuna jina moja.

Wakarudi Khartoum. Garang sasa ni kanali na daktari, na ana kazi ya kufundisha maofisa. Hapo ndipo mke yeyote angeanza kusema sasa tumefika.

Haikuwa hivyo. Mei 1983 Garang alikwenda Bor kwa likizo, na familia yake ilikuwa naye. Kikosi cha 105 kilichokuwa Bor kilikuwa kikigombana na makao makuu juu ya mishahara na juu ya amri ya kuhamishiwa kaskazini. Mei 16 risasi zikalia. Hadi leo wanahistoria wanabishana ni lini hasa kanali huyo aliamua kujiunga na waasi, au kama alikuwa mmoja wa waliopanga toka mwanzo. Mimi hoja hiyo nawaachia wao. Ninachokijua ni kwamba njia ya kutoka Bor kwenda mpaka wa Ethiopia ni ndefu, mvua za Mei zikiwa zimeanza, na mwenye watoto haitembei kama mwenye bunduki. Kila mrejeaji aliyeipita anaikumbuka kwa miguu yake.

Huko Ethiopia ndiko SPLA ilikoundwa mwaka huo huo wa 1983, na kambi za Itang, Pinyudo na Dimma zikajaa watu wetu. Mke wa mwenyekiti hakuwa tena mke wa ofisa wa serikali. Alikuwa mke wa mwasi anayetafutwa, na watoto wake walikuwa watoto wa mwasi anayetafutwa. Katika miaka hiyo SPLA ilipeleka watoto mia kadhaa kusoma Cuba. Nyandeng naye alifika Cuba, na mmoja wa mabinti zake, Akuol, alizaliwa huko. Ukiziweka pamoja nchi ambazo mama huyu amepikia chakula cha watoto, unapata Sudan, Marekani, Ethiopia, Cuba na Kenya. Mabara mawili, sufuria moja.

Mei 1991 serikali ya Mengistu Haile Mariam ikaanguka Addis Ababa, na kwa siku chache tu SPLA ikapoteza mlinzi wake, maghala yake na redio yake. Kambi zikakimbiwa. Agosti mwaka huo chama chenyewe kikagawanyika kule Nasir, na Novemba watu wa Bor wakauawa kwa maelfu na ndugu zao. Waliobaki wakaelekea kusini hadi Lokichoggio, na mwaka 1992 ndipo Kakuma ilipofunguliwa kule Turkana.

Hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Familia ya mwenyekiti iliishi Nairobi. Yetu iliishi Kakuma. Mama Kapteni alipanga foleni ya mahindi na mafuta ya msaada kwa miaka 15, akiwa na watoto watano na kadi moja ya chakula, na mumewe alikuwa ofisa kama maofisa wengine. Watoto wa wakubwa walisoma shule zenye vioo madirishani, wetu walisomea chini ya miti. Tofauti hiyo ilikuwepo, iliuma, na bado inaongelewa vibandani kila mwanasiasa anapotaja neno "mapambano". Nilimwuliza Mama Kapteni kama hana kinyongo na mke mwenzake huyo. Alifikiri kidogo.

"Nilikuwa nayo njaa," alisema. "Lakini usiku, gari likipita, wote tulikuwa tunasikiliza kama linasimama. Yeye Nairobi, mimi Kakuma."

Gari lake lilisimama mwaka 2002. Mumewe aliuawa Kapoeta mwezi Juni, SPLA ilipouteka tena mji huo, na taarifa ilimfikia kambini baada ya wiki nyingi, ikiletwa na kijana aliyekuwa akienda kutibiwa Lokichoggio. Hakukuwa na jeneza. Mama Rebecca alisubiri miaka mitatu zaidi.

Januari 9, 2005 mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi, katika Uwanja wa Nyayo. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwepo, mkipanda mabasi kutoka Eldoret na Kitale kwenda kushuhudia. Julai 8 Garang aliingia Khartoum kwa mara ya kwanza baada ya miaka 22, akapokewa na umati ambao mji ule haujausahau, na kesho yake akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Baada ya hapo zikabaki siku 21.

Jumamosi ya Julai 30, helikopta ya Rais wa Uganda ilimchukua kutoka kwa Yoweri Museveni, rafiki yake wa enzi za Dar es Salaam, kule Rwakitura, kumrudisha New Site karibu na mpaka wa Kenya. Ilianguka milimani usiku huo. Walikufa watu 14, yeye, wenzake sita na Waganda saba waliokuwa wakiiendesha ndege. Agosti 1, habari zilipotangazwa, Khartoum ikawaka moto na Juba ikafuata. Maduka ya wafanyabiashara yalichomwa, watu wengi wakauawa kwa siku chache tu. Uvumi ulikuwa kila kona kwamba ndege imetunguliwa.

Ni hapo, naamini mimi, ndipo maisha ya mama huyu yanapostahili kusomwa taratibu. Mjane wa siku mbili, ambaye mila inamtaka aketi chini, anyoe nywele na aachiwe alie, alisimama akasema mbele ya watu na vyombo vya habari kwamba aliyekufa ni mwili tu, kazi yake ipo, na kwamba watu watulie wasiharibu amani waliyoililia miaka yote. Kwa wakati ule neno moja la hasira kutoka kwake lingetosha kuirudisha nchi vitani. Halikutoka. Baadaye alikumbusha kwamba simba akiuawa, simba jike hubaki, na watu waone atafanya nini. Wengi walilichukua kama tisho. Mama Kapteni anasema hapana, simba jike ndiye anayewinda na ndiye mwenye watoto, hata simba dume akiwa hai.

Jeneza lilizungushwa katika miji iliyokuwa mikononi mwa SPLA, ikiwemo Rumbek na Yei, ili watu wamuage. Agosti 6 likafikishwa Juba, mji ambao SPLA haikuwahi kuuteka kwa miaka yote ya vita. Ndivyo Mama Rebecca alivyoingia Juba siku ile, akifuata jeneza. Ibada ilifanyika kwenye kanisa kuu la Watakatifu Wote, kisha mumewe akazikwa mahali ambapo miaka sita baadaye, Julai 9, 2011, bendera ya nchi mpya ilipandishwa.

Kutoka 2005 hadi 2007 aliongoza Wizara ya Barabara na Uchukuzi ya serikali ya Sudan Kusini. Wafanyabiashara wenzangu wa Nimule mtaikumbuka miaka ile. Barabara ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba ilikuwa udongo na mabomu ya ardhini, lori likitoka nje ya alama za mawe dereva anasali. Kazi ya kutegua mabomu ndiyo ilikuwa kwanza inaendelea. Lami yenyewe ilikamilika mwaka 2012, kwa fedha za Marekani, yeye akiwa ameshaondoka wizarani. Sitampa sifa ya lami hiyo, wala sitamlaumu kwa mashimo. Lakini hapo kibandani tulikuwa tukitaniana kwamba ni haki waziri wa barabara awe mwanamke aliyezimaliza kwa miguu.

Baada ya wizara aliwahi kuwa mshauri wa Rais Salva Kiir. Desemba 6, 2013 alikuwa miongoni mwa viongozi wa SPLM walioitisha mkutano na waandishi wa habari kumkosoa Rais hadharani. Siku tisa baadaye, Desemba 15, risasi zilianza Juba. Sisi wa Gurei tulilala chini ya vitanda, na asubuhi wengine wakaanza tena kuelekea Nimule na magodoro kichwani. Mama Kapteni hakukimbia safari hiyo. Alisema magoti yamekataa.

Yaliyofuata yalimgusa Rebecca Nyandeng kama mama kuliko kama mwanasiasa. Wandugu wa marehemu mumewe walikuwa wamegawanyika makundi matatu. Yeye aliwekwa kwenye kundi la viongozi waliokuwa wamewekwa kizuizini na wenzao. Mwanawe Mabior alikuwa upande wa Riek Machar, akiwa msemaji wao, mtu yule yule ambaye mwaka 1991 aliongoza mgawanyiko wa Nasir dhidi ya baba yake. Mezani kwa mama mmoja, siasa mbili. Wengi wetu tuna meza kama hiyo. Mimi nina kaka wawili ambao kwa miaka mitatu hawakupigiana simu, na aliyekuwa akibeba salamu ni mama.

Binti yake Akuol, yule wa Cuba aliyekulia Kenya, alitengeneza filamu ya kumbukumbu iitwayo No Simple Way Home, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2022. Ndani yake anamfuata mama yake anaporudi Juba kushika umakamu wa rais, huku nchi ikining'inia kati ya amani na vita. Nasema kama mrejeaji: swali la binti yule, kwamba nyumbani ni wapi kwa mtu aliyezaliwa safarini, ndilo swali la watoto wetu wote waliozaliwa Kakuma, Kiryandongo na Adjumani. Mwanangu mwenyewe, wa miaka 12, akiulizwa anatoka wapi husema "Kakuma One" kabla hajakumbuka kusema Juba.

Nilimweleza Mama Kapteni habari za filamu hiyo siku ile ya Julai 30, tukiwa tumebaki wawili tu barabarani. Hakuuliza lolote juu ya Berlin. Aliuliza kama binti anakaa na mama yake au amekwenda kukaa na watu wengine huko nje. Wake mwenyewe, kati ya watano, mmoja yuko Australia, mmoja Kampala, wawili amewazika, na wa mwisho ni askari aliyepelekwa upande wa Malakal. "Huyo naye jeshi limemuoa," alisema, safari hii bila kucheka.

Kisha akanifungulia mfuko wa plastiki anaotembea nao. Ndani kuna picha ya mumewe akiwa na kofia, kadi ya Kakuma iliyopasuka katikati, na karatasi ya kiwanja chake hapa Gurei alichokipata alipotoka kambini mwaka 2007. Karatasi imeandikwa jina la marehemu. Ofisi moja imemwambia alete cheti cha kifo. Ofisi ya pili imemwambia cheti hakitolewi bila mashahidi wawili waliokuwepo Kapoeta. Mashahidi hao mmoja alifariki 2016 na mwingine yupo Nebraska. Wakati huohuo jirani wa nyuma amesogeza uzio wake wa mabati hatua nne ndani ya kiwanja hicho, na kila mvua ikinyesha huongeza moja.

Nikamwuliza kwa nini hamwendei Mama Rebecca, maana ni mke mwenzake.

"Nimwendee na nini? Pale mlangoni wataniuliza mimi ni nani."

Akafunga mfuko wake, akaomba kilo mbili za maharage ya manjano hadi mwisho wa mwezi. Nikatoa daftari la madeni, nikafungua ukurasa wake. Juu nimeandika "Mama Kapteni" tangu siku aliyokuja mara ya kwanza. Nikamwuliza jina lake la kuzaliwa. Alinitajia, akanirudia mara mbili maana nilikosea herufi, akasubiri niliandike. Jumatatu atakwenda tena ofisi ya kwanza, nami nimemwahidi kufunga kibanda niende naye.